WATU WA KIPUSHI, ULIZENI DAFTARI!



Leo tunataka kusema nanyi juu ya mji ambao wengi wetu tunaujua kwa miguu yetu wenyewe. Ukitoka Lubumbashi ukashika njia ya kusini-magharibi, mwendo wa kilomita 30 hivi, unafika Kipushi. Mji uko juu, mita 1,300 hivi kupita bahari, kwenye mgongo wa nchi. Mgodi uko hapo hapo, na nyuma ya mgodi, karibu sana, ni Zambia. Mvua ikinyesha juu ya mgongo ule, maji hugawanyika. Yale ya upande wetu hushuka mpaka Luapula, yakaingia mto Kongo na kwenda bahari ya magharibi. Yale ya upande wa pili huingia Kafue, kisha Zambezi, yakaishia bahari ya mashariki. Mawingu ni yale yale na mvua ni ile ile, lakini wakubwa wa Bulaya walitazama maji yanavyokimbia wakasema: hapa ndipo mpaka.

Tangu siku hiyo sisi tumefundishwa kutazama mpaka. Tunaulinda, tunagombana juu yake, tunalipa pale, tunangoja pale chini ya jua. Na wakati wote tunapotazama mpaka, mali inatoka chini ya miguu yetu. Hilo ndilo neno letu la leo. Tafadhali someni mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe.

MPAKA ULIFANYWA KWA AJILI YA NANI?

Kwanza tukumbuke mambo ya kale, kwa maana mtu asiyejua alikoangukia hajui pa kusimama.

Shaba ya nchi hii haikuvumbuliwa na Mzungu. Babu zetu walichimba, waliyeyusha, walitengeneza misalaba ya shaba iliyofanya kazi ya fedha, na biashara yake ilifika mbali. Msiri, mwana wa Wanyamwezi, alijenga utawala wake Bunkeya juu ya biashara hiyo na biashara ya pembe na watumwa. Habari za shaba zikafika Bulaya, na watu wawili wakubwa wakaitamani: Cecil Rhodes kwa upande wa Waingereza, na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya na karatasi ya Waingereza. Msiri akakataa kutia alama yake. Mwaka 1891 likaja kundi la Leopold, likiongozwa na Kapteni Stairs. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri akapigwa risasi akafa. Basi, nchi ikapata mwenyewe mpya aliyekaa Brussels, mtu ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja ya maisha yake.

Tarehe 12 Mei 1894 Waingereza na Leopold waliandikiana mapatano ya mpaka. Walamba hawakuulizwa, ingawa nchi yao ilikatwa katikati. Wabemba na Waushi hawakuulizwa. Baadaye, tangu 1911 mpaka 1914, wapimaji wa Kiingereza na wa Kibelgiji walitembea juu ya mgongo wa maji, wakapima na kuweka alama. Ndugu wawili wa mama mmoja, mmoja akaamka chini ya Mwingereza, mwingine chini ya Mbelgiji. Mmoja akajifunza kusema "good morning", mwingine akajifunza "bonjour", na wote wawili wakalipa kodi.

Lakini tazameni jambo moja. Mpaka ule uliowakata watu haukukata mali. Mwaka 1899 George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Waingereza, alitoka kusini akavuka na kukuta mashimo ya shaba ya babu zetu, na Kipushi ikiwamo. Mwaka 1906 wenye fedha wa Brussels na wa London, wale waliokuwa wakigombania nchi, wakakaa meza moja wakaanzisha Union Minière. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika Lubumbashi, ambayo waliiita Elisabethville. Makaa ya mawe ya Wankie yakapita mpakani. Unga wa posho ukapita. Wafanyakazi wa Rhodesia ya Kaskazini wakapitishwa kwa mamia na maelfu. Kumbe mpaka una mlango, na ufunguo wake uko mfukoni mwa kampuni!

MJI ULIOJENGWA JUU YA SHIMO

Mwaka 1924 mgodi wa Kipushi ukaanza kazi kwa nguvu. Wakaupa jina la Prince Léopold, mtoto wa mfalme. Mtoto wa mfalme hakushika sururu. Walioshika sururu walitoka Kasai, Lomami, Luapula, Rhodesia, Angola, Rwanda na Burundi, pamoja na watu wa hapa hapa. Tangu karibu 1928 Union Minière iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke na watoto hakimbii upesi, basi ikaanza kujenga kambi za nyumba, shule na dispensari. Hatukatai kwamba nyumba zilijengwa. Lakini tuseme kweli: ng'ombe wa maziwa naye hujengewa zizi.

Mfanyakazi alipoomba mshahara wa kutosha, alijibiwa namna gani? Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa mgomo, watu walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Léonard Mpoyi alisema kwa niaba ya wenzake. Askari wakapiga bunduki. Mpoyi akafa, na makumi ya watu wakafa pamoja naye. Siku zile shaba ilitakiwa sana kwa vita ya kupigania uhuru wa mataifa. Uhuru wa mataifa gani? Maiti za uwanjani ndizo jibu.

Na Kipushi ilitoa nini? Hesabu iliyotangazwa ni hii: tangu 1924 mpaka 1993 mgodi ulitoa mawe tani milioni 60 hivi. Ndani yake mlikuwa na zinki zaidi ya tani milioni 6, na shaba tani milioni 4 hivi. Tena mlikuwa na germaniamu, madini adimu yanayotumika katika nyaya za mwanga na vyombo vya kuona usiku. Haya yote yalitoka chini ya mji mmoja. Sasa pita katika barabara za Kipushi, tazama kushoto, tazama kulia, kisha jiulize: ziko wapi tani milioni 10?

MPAKA WA PILI TULIUCHORA WENYEWE

Ndugu, gazeti linalowalaumu wengine tu na kuwaacha wasomaji wake ni gazeti la uongo. Hapa yatupasa kujilaumu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Katanga ikatangazwa kuwa nchi peke yake. Wakatuchorea mpaka mpya na bendera mpya, na Union Minière ikalipa kodi yake kwa serikali ya Tshombe. Njia ya Kipushi, iliyokuwa njia ya wafanyakazi, ikawa njia ya silaha na askari wa kukodiwa kutoka Rhodesia. Mwishoni mwa 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kipushi, na Januari 1963 mambo yakaisha. Watu wengi walikufa kwa ajili ya mpaka ule. Je, mgodi ulisimama? Kampuni ilipata hasara gani ikilinganishwa na mama aliyezika watoto wake?

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ikachukua mali ya Union Minière, na baadaye jina likawa Gécamines. Tulipiga makofi. Tulifikiri: bwana ameondoka, sasa shamba ni letu. Lakini ufunguo ulitoka mfuko mmoja ukaingia mfuko mwingine. Fedha ya shaba ilikwenda Kinshasa, mashine zikazeeka, na bei ya shaba ikaanguka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na njaa ilipofika, tulifanya nini? Katika miaka ya 1992 na 1993, badala ya kuuliza mali imekwenda wapi, wengi wetu tuliambiwa, nasi tukakubali, kwamba adui ni jirani kutoka Kasai. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao walikufa ndani ya mashimo haya, walifukuzwa kwa maelfu mengi. Walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na watoto wao wakafa pale pale. Huo ndio mpaka wa pili. Haukuchorwa London wala Brussels. Tuliuchora katikati ya kambi, kati ya mlango na mlango. Na mwaka ule ule wa 1993, tukiwa bado tunafukuzana, mgodi wa Kipushi ukafungwa! Yule aliyemfukuza jirani yake ili apate kazi yake, hakuikuta kazi.

Msisahau jambo hili, ndugu. Siku mtu atakapowaambia tena kwamba umaskini wenu unatoka kwa kabila fulani, mwulizeni kwanza: "Daftari la mgodi liko wapi?"

WATU WA PAMPU

Mgodi ulipofungwa, maji hayakufungwa. Shimo lenye kina cha zaidi ya kilomita moja hujaa maji usiku na mchana. Pampu ikisimama, mgodi unazama. Basi, baada ya 1993, walibaki watu wa kulinda shimo na kutoa maji. Mshahara wa Gécamines katika miaka ile ulikuwa habari ya kusimuliwa, wala haukuonekana. Hata hivyo watu waliendelea na pampu. Mwaka 2011 pampu zilizochakaa zikashindwa, maji yakapanda, nayo mashimo ya chini yakazama. Tunauliza: waliofanya mgodi usizame miaka yote kabla ya hapo ni nani? Ni wenye hisa? Hapana, ni watu wa Kipushi.

Na tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango uliosimamiwa pamoja na Benki ya Dunia. Mpango ule ulipewa jina zuri: kuondoka kwa hiari. Hiari! Mtu hajalipwa miezi na miezi, watoto wamerudishwa kutoka shuleni, mke anauza masufuria, halafu unamletea karatasi na fedha kidogo na kumwambia: chagua. Hiari ya namna hiyo ni hiari ya mtu aliye mtoni anayeshika kamba, hata kama kamba ni ya miiba. Wengi walimaliza fedha ile kwa madeni kabla mwaka haujaisha. Ukipita kambini leo utawaona wazee hao wamekaa mbele ya nyumba. Mikono yao inajua kazi ambayo vijana wanafundishwa upya na wageni.

MGODI UMEFUNGULIWA. KWA NANI?

Mwaka 2011 sehemu 68 kwa mia za mgodi ziliuzwa kwa kampuni ya Kanada, Ivanhoe Mines. Sehemu nyingine ilibaki ya Gécamines. Maji yakatolewa, mashine mpya zikaletwa, na mwaka 2024 mgodi ukaanza tena kutoa zinki. Rais mwenyewe alikuja mwezi wa Novemba kuufungua. Zinki ya shimo la chini ni nyingi ajabu: katika kila tani tatu za mawe, karibu tani moja ni zinki.

Watu watasema: "Basi furahini! Miaka 30 mlilia kwa kuwa umefungwa, sasa mnalia kwa kuwa umefunguliwa?" Tunajibu: tumefurahi. Mgodi unaofanya kazi ni bora kuliko shimo la maji. Lakini furaha si hesabu. Sisi tuko hapa kwa hesabu, basi tuifanye pamoja, polepole, kila mtu aelewe.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 yasema kwamba kampuni italipa ushuru wa sehemu 3 na nusu kwa mia kwa madini kama shaba na zinki. Ushuru huo hugawanywa hivi: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au uchifu ulipo mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni itatoa sehemu 3 katika kila 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji walio jirani na mgodi.

Sasa chukua zinki ya falanga 1,000. Ushuru wake ni falanga 35. Katika hizo 35, za mahali penyewe ni falanga 5 na robo. Ongeza falanga 3 za maendeleo. Jumla ni falanga 8 na robo. Katika kila falanga 1,000 zinazotoka chini ya vitanda vyetu, sheria inatutengea sisi wa mahali penyewe falanga 8 na robo! Ni kidogo, lakini ni haki yetu iliyoandikwa, wala si sadaka. Na katika mji mdogo, falanga 8 za kila 1,000 kwa mgodi mkubwa namna hii ni shule, ni bomba la maji, ni dawa. Je, ni nani kati yenu amesoma ukutani, kwa lugha anayoielewa, fedha hizo zilikuwa ngapi mwaka jana na zilijenga nini? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha kuna neno la germaniamu. Mwaka 2018 serikali iliiandika pamoja na kobalti na koltani kuwa madini ya maana kubwa kwa taifa, na ushuru wake ni 10 kwa mia. Kipushi ina germaniamu. Ilitolewa tangu siku za Wabelgiji. Inapotoka ikiwa imechanganyika katika unga wa zinki, inapimwa? Inaandikwa? Hatumtuhumu mtu. Tunauliza tu, na anayeuliza njia hapotei.

Tena tazameni mabati ya nyumba zenu. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zamani zinki ya Kipushi ilipelekwa Kolwezi, ikasafishwa pale katika kiwanda kilichoanza miaka ya 1950, na vijana wa Katanga walifanya kazi hiyo. Kipushi ilipofungwa, kiwanda kile kilikosa chakula chake. Leo mgodi umefunguliwa, lakini zinki inatoka bado ni unga wa mawe, inapakiwa kwenye malori na kwenda nje kuyeyushwa. Kisha tunanunua bati kwa bei ya wageni. Tunauza mahindi na kununua bukari!

MLANGO WA MPAKA

Mwaka 2024 Kongo ilikataza bia na vinywaji vya Zambia. Wenye malori wakalalamika, Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku kadhaa, na mara moja watu wa Lubumbashi wakaanza kuhesabu mifuko ya unga. Wakubwa walipatana, milango ikafunguliwa. Mwaka 2020 askari wa nchi hizi mbili walitazamana kwa bunduki upande wa Moba na Pweto, ingawa mapatano ya mpaka wa kule yalikwisha kuandikwa mwaka 1989. Kila mara ni vile vile. Wakubwa wanapogombana, anayelala njaa ni mama anayevusha unga kichwani na kijana anayesukuma kinga yenye mifuko mitatu.

Hatusemi mpaka ufutwe. Tunasema kwamba kama mlango unafunguka kwa lori la zinki, ufunguke pia kwa mama mwenye unga, bila kunyang'anywa, bila kulipa mara tano kwa watu watano wasio na risiti.

TUNALOTAKA

Kwanza, hesabu ya ushuru na ya fedha za maendeleo ibandikwe kila miezi mitatu kwenye ofisi ya mji, sokoni na makanisani, kwa Kiswahili.

Pili, kazi zipewe kwanza watoto wa Kipushi wanaoziweza, na wasioziweza wafundishwe. Sheria ya mwaka 2017 iliweka kazi za makandarasi wadogo mikononi mwa Wakongo. Isiwe jina la Mkongo mlangoni na mgeni ndani, wala isiwe mfanyakazi wa siku miaka mitano bila karatasi.

Tatu, wazee walioondolewa "kwa hiari" wasikilizwe, na madai yao yaamuliwe wakiwa hai.

Nne, maji. Mgodi hutoa maji usiku na mchana ili usizame. Haifai mama wa Kipushi apange foleni na ndoo juu ya bahari ya maji.

Tano, serikali ituambie lini zinki yetu itasafishwa tena katika nchi yetu.

Mambo haya hayaombwi kwa mawe wala kwa moto. Moto huchoma soko letu wenyewe. Yanaombwa kwa kukutana, kuandika, kutia sahihi, kuchagua wajumbe wasionunulika kwa kreti ya bia, na kurudi tena kesho yake. Mlamba, Mluba, Msanga, Mbemba, mtu wa Kasai, wote mnakunywa maji ya bomba moja. Mkienda kila mtu na kabila lake, mtarudishwa mlangoni. Mkienda pamoja, daftari litafunguliwa.

Mgodi huu ulifungwa miaka 30, na siku moja utafungwa tena, kwa maana mawe hayazai. Siku hiyo watoto wetu watasimama juu ya mgongo wa maji na kutuuliza: mlipata nini? Tusiwaonyeshe shimo tu.

Leo jioni, unapokaa na jirani yako, mwulize: falanga 8 na robo ziko wapi? Kisha kesho mwende wawili kuuliza.